Naomba ushauri: tunalea mtoto wa Kikree, mume wangu anataka anyolewe

Wapendwa, habari zenu. Tuko Winnipeg, Kanada. Ustawi wa jamii wametuletea mtoto wa Kikree (Wakree ni wenyeji wa asili wa Kanada), miaka 6, tumlee kwa muda. Nywele zimemfika mgongoni; kila asubuhi ananiletea kitana nimsuke mkia mmoja, anatulia tuli. Mzee wangu anasema mwanamume hasukwi, apelekwe kinyozi. Nimegoma. Shule za bweni za serikali na makanisa ziliwakata nywele babu zao kwa nguvu, leo nirudie mimi?

Tena sheria ya Kanada ya 2019 kuhusu malezi ya watoto wa wenyeji wa asili inatanguliza wazazi, ndugu, kisha jamii ya mtoto. Sisi wengine ni wa mwisho kabisa. Bibi yake yupo, kaskazini huko. Nimtafute mwenyewe au nipitie kwa ofisa? Na huyu mzee nimwambieje?