"Wapitaji na wasafiri" wa 1 Petro: waliteswa na nani hasa?

MwalimuWaZamu
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Nina vipindi vitatu vya kufundisha Waraka wa Kwanza wa Petro. Kila tukifika sura ya 4, darasa linakimbilia Nero na simba. Naomba msaada kwa mambo mawili. Wale Wakristo wa Ponto, Galatia, Kapadokia, Asia na Bithinia waliteswa na nani, na kwa namna gani? Na miaka ya baadaye, waliozidiwa wakakana, kanisa liliwafanya nini? Nataka vitu vya kufundishika, mahubiri ninayo.

MzeeWaKonkodansi
Ameni. Anza na neno lenyewe. Biblia ya Union Version, 2:11, inasema "wapitaji na wasafiri", na hilo "wapitaji" linatupoteza, maana kwetu mpitaji ni wa kupita tu. Kwa Kigiriki ni *paroikos*: mtu aliyekaa mjini miaka nenda miaka rudi, ana kazi na majirani, ila si raia na hana sauti kwenye baraza la mji. Wa muda mfupi ni yule wa pili, msafiri. (Ndugu zetu Wakatoliki wanalitaja neno hilo kila Jumapili: parokia imetoka humo humo.)

Kisha wape darasa penseli wapigie mstari kila teso linalotajwa. Watapata kusingiziwa 2:12, watumwa kupigwa na mabwana wakali 2:18-20, kutukanwa 4:4, kulaumiwa kwa jina la Kristo 4:14. Hawataona amri ya Kaisari wala mtu aliyeuawa. Mtesi ni jirani, bwana wa nyumba, mwenzako wa kazi. Sababu imeandikwa 4:3-4: wameacha kwenda kwenye karamu. Katika miji ile huwezi kutenga sherehe ya mungu wa mji, chakula cha chama cha mafundi na ibada ya nyumbani. Asiyeonekana huko alihesabiwa kuwa anaiudhi miungu, na njaa ikiingia yeye ndiye mkosi.

Kaisari Nero aliwatesa Wakristo wa mji wa Roma baada ya moto wa mwaka 64. Amri ya kuwabana watu wa dola nzima ilikuja zaidi ya miaka 180 baadaye.

Angalia na 4:15. Humo, pamoja na mwuaji na mwivi, yumo "mtu ajishughulishaye na mambo ya watu wengine". Mmbea akichapwa hajateswa kwa ajili ya Kristo. Wengi wanauruka mstari huo.

KalamuNaWino
Naongezea kwa mzee. Bithinia na Ponto ndiko alikokuwa liwali Plinius Mdogo, na barua yake kwa Kaisari Traian ya mnamo 112 inaonyesha chuki ya majirani ilivyofika mahakamani. Mshtakiwa aliulizwa kama ni Mkristo mara tatu, huku akitishwa. Aliyeshikilia aliuawa; ila kama ni raia wa Roma, alipelekwa Roma. Aliyekana alipimwa kwa mambo matatu: aiite miungu, atoe uvumba na divai mbele ya sanamu ya Kaisari, amlaani Kristo. Plinius alikuwa amesikia kuwa Mkristo wa kweli hawezi kulazimishwa kuyafanya hayo.

Traian akajibu: wasitafutwe, wakishtakiwa na kosa likathibitika waadhibiwe, na mashtaka yasiyo na jina la mshtaki yasipokewe. Maana yake unaishi salama mpaka jirani akukasirikie. Ndipo utaona kwa nini waraka unasisitiza mwenendo mzuri kwa watu wa nje na kujibu "kwa upole na kwa hofu", 3:15.

MwalimuWaZamu
Asanteni sana, hapo nimepata vipindi viwili. Bado walioanguka.

Kumbukumbu250
Nenda kwa Kaisari Decius, 249 hadi 251, ndiye wa ile amri ya dola nzima. Aliamuru watu watoe dhabihu kwa miungu, na aliyetoa akapewa cheti. Vyeti zaidi ya 40 vimepatikana Misri, vingi vya Juni na Julai 250. Vina jina, baba, kijiji, umri, hata kovu la kumtambulisha mtu, halafu maneno kwamba siku zote ameitolea miungu na sasa, mbele ya kamati, amemimina, ametoa dhabihu na kuonja nyama. Mwisho ni sahihi za mashahidi na tarehe.

Huko Karthago, mji wa Afrika Kaskazini, walioanguka hawakuwekwa kapu moja. Kuna waliotoa dhabihu kamili, waliofukiza uvumba tu, na walionunua cheti bila kufanya lolote. Mtaguso (mkutano wa maaskofu) wa 251 uliamua wenye vyeti wachunguzwe mmoja mmoja na kurudishwa. Waliotoa dhabihu wakae kwenye toba ndefu, wapokewe wakiwa kufani. Baadaye, tishio jipya lilipokaribia, waliokuwa wakitubu wakarudishwa ili wasiingie vitani mikono mitupu. Novatian, kasisi wa Roma, alikataa kabisa kuwapokea, akajitenga.

Palipoharibika ni kwenye barua za amani. Waungamaji, yaani waliokiri imani bila kukana, waliokuwa gerezani waliwaandikia walioanguka barua za kuwaombea, nyingine zikisema "fulani na watu wake". Hao "watu wake" wangeweza kufika ishirini au thelathini! Sipriani, askofu wa Karthago, akadai kila jina liandikwe.

MzeeWaKonkodansi
Usisahau maagizo yake juu ya wafungwa, hayo ndiyo ya kufundishika. Wasitembelewe kwa makundi. Padri aende na shemasi mmoja, tena kwa zamu, kwa sababu sura zikibadilika walinzi hawashtuki. Maskini waliosimama imara wapewe riziki wasije wakayumba. Akifa mtu gerezani, tarehe iandikwe.

KalamuNaWino
Ila mwalimu, jiandae: utaulizwa mbona Sipriani mwenyewe alijificha mwaka 250. Aliulizwa hivyo hivyo akiwa hai, na makasisi wa Roma. Alijibu kwamba kuwepo kwake kungechochea ghasia dhidi ya ndugu, akaliongoza kanisa kwa barua. Tarehe 14 Septemba 258 hakukimbia, akakatwa kichwa.

MwalimuWaZamu
Nimeelewa. Kipindi cha tatu nitachapa cheti kitupu, kila mtu ajaze jina, kijiji na kovu lake, kisha nisubiri kwenye mstari wa sahihi.