Baridi ya Chicago na mfuko mdogo: mnatoka kwenda wapi? Tupeane uzoefu

Habari za jioni wakuu. Naomba tupeane uzoefu, hasa sisi tunaohesabu kila dola huku.

Mwaka wangu wa kwanza nilijifungia: kazini, nyumbani, kitandani. Desemba jua linazama kwenye saa kumi na dakika ishirini jioni, kwa hiyo nilikuwa naingia kazini giza na kutoka giza. Kufika Februari nalia tu, sijui nalilia nini. Mama mmoja wa kanisani ndiye aliyenishika mkono Jumamosi moja, tukapanda treni ya L, ile ya ndani ya jiji, laini ya kijani, hadi Garfield Park Conservatory. Ni nyumba za vioo zilizojaa mimea, zipo tangu 1908, na siku ile hatukulipa kiingilio. Nilipoingia tu miwani ikajaa mvuke, sioni kitu, lakini pua ilishanusa udongo uliolowa, ile harufu ya mvua ya kwanza. Nilipofuta vioo nikaona mgomba. Mgomba kabisa, na nje theluji imefika magotini! Nilisimama pale hadi yule mama akaniuliza kama naumwa.

Tangu siku hiyo sikai ndani wikiendi nzima. Mkitaka kwenda Garfield, angalieni mtandaoni kwanza kama siku hiyo wanataka uweke nafasi. Haya, wengine mnakwenda wapi?

Mama Pacha: Pole sana dada, hiyo Februari naijua. Mimi na wanangu wa miaka mitano kimbilio letu ni Lincoln Park Zoo. Bure mwaka mzima, na watoto chini ya miaka 7 hawalipi nauli ya treni wakiwa na mtu mzima. Watu wanadhani bustani ya wanyama ni ya kiangazi, wakati sokwe na gorila wana jengo lao la ndani, lina joto, na wakati wa baridi hakuna msongamano. Mara ya mwisho gorila mmoja alikuja kukaa karibu kabisa na kioo, pacha mmoja naye akakaa chini upande wetu, wakatazamana kimya karibu dakika kumi. Msichanganye tu na zile jioni za mataa ya sikukuu, nyingi zina tiketi. Na glovu za watoto ziungeni kwa kamba ipite ndani ya mikono ya koti. Nimeshapoteza jozi nne.

Mzee wa Kusini: Wanangu, majumba ya makumbusho msiyaogope. Yale makubwa yaliyo kwenye ardhi ya bustani za umma, sheria inayataka yatoe siku 52 kwa mwaka za bure kwa wakazi wa Illinois, na nyingi huangukia miezi ya baridi, katikati ya wiki. Lakini beba kitambulisho chenye anwani ya hapa! Mimi nilikwenda na pasipoti peke yake, nimebadilisha mabasi mawili kwenye upepo wa ziwani, nikaambiwa haitoshi. Niliumia. Ukikosa siku hizo, nenda mtaa wa Pilsen, National Museum of Mexican Art. Pale hawadai kiingilio siku yoyote.

Mwanafunzi: Shikamoo mzee. Mimi ni maktaba, Harold Washington, ghorofa ya 9. Kuna ukumbi wenye paa la vioo, unapata mwanga wa jua bila upepo. Nikichoka kusoma naenda Cultural Center kutazama kuba la vioo vya rangi, nalo bure. Sehemu kadhaa za katikati ya mji unaweza kupita Pedway, njia za chini kwa chini, usiguse baridi.

Mdau mpya: Kuteleza kwenye barafu pale Millennium Park kuingia ni bure, gharama ni kukodi viatu. Nilinunua vilivyotumika, vikajilipa msimu huohuo. Wekeni nafasi mapema.

Mimi tena mleta mada: asanteni sana wote, na shikamoo kwa mzee wetu hapo juu. Naongeza la mavazi, maana ndilo linalowarudisha wengi ndani: fulana ya pamba isikae kwenye ngozi. Inashika jasho, ukisimama kusubiri treni linakuwa barafu mgongoni. Vaa sufu au zile nguo za mazoezi, juu yake sweta, kisha koti la kuzuia upepo. Na pale jukwaani kwenye stesheni ya treni kuna taa za joto zenye kitufe. Bonyeza, usimame chini yake.

Jumamosi hii nampeleka Garfield jirani yangu aliyefika Oktoba, hajatoka bado zaidi ya dukani. Tutapanda laini ya kijani saa tano asubuhi kutoka kituo cha Clark/Lake. Anayetaka kuja atukute chini ya taa.