Muuza taa Mwanjelwa, nani kakwambia IP65 ni dawa ya chumvi?

Wakuu, salamu leo mtanisamehe, nina hasira.

Mwezi wa tatu nilinunua taa za nje 8 hapa Mwanjelwa, Mbeya, 45,000 kila moja. Nikamwambia muuzaji kwa mdomo wangu: hizi hazifungwi kwangu Uyole hapahapa Mbeya, zinaenda kwa dada Kigamboni, Dar, nyumba ambayo usiku unasikia mawimbi. Akagonga boksi kwa kidole: "Mkuu, IP65 hiyo, stenlesi tupu. Hata ukizitupa baharini zinawaka." Nikazifunga kwenye shuka, basi zaidi ya kilomita 800 nimezipakata kama mtoto.

Juzi dada kapiga simu. "Mdogo wangu, njoo uone taa zako zinavyolia." Nikaenda. Ukuta mweupe, chini ya kila taa michirizi ya rangi ya chai. Naweka bisibisi kwenye skrubu, kichwa kikamong'onyoka kama biskuti.

Kilichoniudhi zaidi: ndani pakavu, hata tone hakuna! Yaani IP65 yenyewe haikudanganya. Ile 6 ni vumbi haliingii, 5 ni maji ya kurushwa kwa bomba hayaingii. Chumvi haimo kabisa kwenye hizo namba. Kilichooza ni gamba na skrubu.

Nikachomoa sumaku kwenye spika mbovu ya dada. Ikanata pwaa! Stenlesi za aina ya 304 na 316 hazivuti sumaku hivyo. Hiki ni chuma kilichopakwa king'ae. Na kwa pwani inatakiwa 316, ile iliyochanganywa na madini ya molibdenamu yanayoisaidia kuhimili chumvi. 304 nayo upepo wa chumvi huitia madoa. Sumaku haiwezi kukutenganishia hizo mbili, kwa hiyo mdai muuzaji aina yake iandikwe kwenye boksi au risiti. Gamba la aluminiamu nalo uangalie skrubu zake: zikiwa za chuma, chumvi ikilowana aluminiamu inaliwa inabaki unga mweupe.

Kosa langu nakiri. Kwangu Uyole nina taa hizihizi mwaka wa tatu, ukungu wa Juni unazipiga na zinang'aa, nikajua ni ngoma ngumu.

Jana nimerudi dukani. Eti, "Mbona wateja wa Isyesye hawajalalamika?" Baba, Isyesye kuna bahari? Tuko mita 1,700 juu huku!

Akamalizia kwamba harudishi hela kwa sababu maboksi yameshafunguliwa. Sasa taa inafungwa ukutani ikiwa ndani ya boksi?