Beetle 1300: taimingi kwa balbu, taa ya kumulika au sikio? Na tapeti ni 0.10 au 0.15?

Mwana_Mambrui

Salaam aleikum wote. Gari ni Volkswagen Beetle 1300 ya 1969, injini yake ya asili, kabureta moja, distributa yenye vakyumu. Limeteremshwa kutoka Nairobi na sasa kazi yake ni Mambrui, Malindi mjini, Gede na Watamu. Likiwa baridi lashika mara moja. Likishapata moto hukosa nguvu, na ukikanyaga mafuta kwenye gia ya nne likiwa mwendo mdogo husikika mlio kama kokoto ndani ya mkebe. Nataka kuseti tapeti (nafasi ya valvu) na taimingi (wakati wa cheche ya plagi) mwenyewe, ila rai ninazopewa hazilingani. Mmoja asema balbu yatosha, mwingine asema bila taa ya kumulika ni kubahatisha, wa tatu asema fundi mzuri huseti kwa sikio. Tapeti nazo, kitabu cha zamani kinasema mm 0.10, watu wanasema 0.15. Nifuate lipi?

FundiWaMaweni

Waaleikum salaam. Kaka, huo mlio wa kokoto usiuchukulie rahisi. Injini hii inapozwa kwa hewa na feni yake ina kelele nyingi, hata mafuta yakilipuka kabla ya wakati huwa husikii kitu. Ukiusikia ujue hali imeshafika mbali, na pistoni ndiyo inayoumia.

Chanzo cha kwanza cha kushuku ni hiyo safari ya kuteremka. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa yake ni nyepesi na kila silinda hupata kidogo. Ndiyo maana mafundi wa huko huwahisha moto (cheche ya plagi) ili gari lipate uhai, na huko halileti mlio. Hapa Malindi tuko usawa wa bahari, silinda zajaa, na ule moto uliowahishwa sasa unawaka mapema mno. Jeti za kabureta pia zitazamwe: ikiwa ziliwekwa ndogo kwa ajili ya Nairobi, hapa mchanganyiko utakuwa na petroli pungufu na joto litazidi.

Kuhusu sikio, mimi sikubaliani nalo kwa injini hii. Ukizungusha distributa huku injini ikinguruma bila kukanyagwa, itazidi kulainika na kuongeza mizunguko kadiri unavyowahisha moto, hata ukishapita kipimo. Sikio litasema "hapo hapo", nawe uko digrii kadhaa mbele ya inavyotakiwa.

Fuata mpango huu na usiupindue: tapeti kwanza injini ikiwa baridi, kisha nafasi ya pointi (vidude ndani ya distributa vinavyofunguka kutoa cheche), kisha taimingi, mwisho skrubu za kabureta. Pointi hutangulia taimingi kwa sababu ukiongeza nafasi yake, zinafunguka mapema na moto unawahi. Ukiipunguza, moto unachelewa. Anayeseti taimingi kisha akagusa pointi ameharibu kazi yake mwenyewe. Nafasi ni mm 0.4. Ukiwa na mita ya kupima pembe ya kufunga (digrii ambazo pointi hukaa zimefunga), itafute kati ya digrii 44 na 50. Kila digrii moja unayobadilisha hapo huhamisha moto digrii moja kwenye krenki.

Binti_Gede

Niongezee upande wa tapeti, maana hapo ndipo injini hizi zinapofia.

Fuata 0.15, inteki na egzosi zote. Vitabu vya mwanzo viliandika 0.10, baadaye Volkswagen yenyewe ikapandisha. Sababu yake ni kwamba valvu ya egzosi, kwa moto wake, hurefuka kidogo kidogo na kiti chake huzama, hivyo nafasi hupungua yenyewe bila mtu kugusa. Ukianza na 0.10 una akiba ndogo. Nafasi ikiisha, valvu haikai sawasawa kwenye kiti, haipati pa kutolea joto, inaungua. Tapeti inayogonga kidogo haina madhara makubwa; iliyonyamaza kabisa ndiyo ya kuogopa.

Fanya kazi alfajiri, gari likiwa limelala usiku kucha. Miezi ya kaskazi jua la hapa hupasha injini hata kabla hujaiwasha.

Vua kifuniko cha distributa. Zungusha injini kwa spana ya 21 kwenye nati ya puli ya jenereta, mwelekeo wa saa, mpaka rota ielekee mkato mdogo ulio kwenye ukingo wa distributa na alama ya puli ikae kwenye mstari ambapo nusu mbili za injini zimeungana. Hapo pistoni ya silinda namba 1 iko juu na valvu zake mbili zimefunga. Silinda 1 ni ya kulia mbele, 2 ya kulia nyuma, 3 ya kushoto mbele, 4 ya kushoto nyuma. Mbele hapa ni mbele ya gari, si mbele yako uliyeinama nyuma ya injini. Watu wengi hukosea hapo. Kwenye kila hedi valvu mbili za pembeni ni egzosi, mbili za kati ni inteki.

Tia rangi kwenye puli upande wa pili kabisa wa alama. Ukimaliza 1, geuza puli nusu mzunguko kinyume na saa upate 2, tena nusu upate 3, tena nusu upate 4. Faida yake ni kuwa unamaliza upande wa kulia wote ndipo uhamie kushoto.

Nati ya kufungia ni 13. Ilegeze, pitisha fila (bamba jembamba la kupimia nafasi) ya 0.15, kaza skrubu kwa bisibisi mpaka fila ipite kwa kukwaruza kidogo, kisha kaza nati huku bisibisi ikiizuia skrubu isizunguke. Pima tena baada ya kukaza, kwa kuwa nafasi hubadilika hapo. Jaribu na fila ya 0.20: isipite. Jingine, tazama ncha ya skrubu. Ikiwa imechimbika, fila hulala juu ya kingo za shimo na kukudanganya, unasoma 0.15 kumbe ni zaidi. Skrubu kama hiyo badilisha.

Gasketi za kovu weka mpya za koki, gundi upande wa kovu tu, upande wa hedi uwe mkavu na safi. Oili ikivuja hapo inadondokea mabomba ya egzosi na harufu yote inaingia ndani ya gari.

Rudia kila kilomita 5,000. Na valvu ikijifunga kila ukipima, tuseme egzosi ya namba 3, usiendelee kuilegezea na kuondoka. Shina linarefuka, na siku moja kichwa kitakatika na kuingia kwenye pistoni.

Spana13

Dada amesema kweli. Namba 3 hupata taabu zaidi kwa sababu kwenye injini za umri huu kipoza oili kimesimama kwenye njia ya hewa yake. Kiwandani walilijua hilo, wakaitengeneza distributa ya asili icheleweshe moto wa namba 3 kwa digrii chache. Kwa hivyo taimingi husetiwa kwa namba 1 peke yake.

Sasa balbu dhidi ya taa ya kumulika. Kwa distributa yako ya vakyumu balbu yatosha kabisa, kipimo ni digrii 7.5 kabla ya juu, yaani kabla pistoni haijafika juu kabisa. Puli za 1300 za miaka hiyo mara nyingi zina mikato miwili: wa kushoto 7.5, wa kulia 10. Funga waya mmoja wa balbu kwenye terminali 1 ya koili, ule unaokwenda distributa, mwingine kwenye bodi. Angalia kwanza kama gari ni la volti 6 au 12, maana Beetle za wakati ule ziko za aina zote mbili, na balbu iendane nayo. Leta mkato wa 7.5 kwenye mstari ukizungusha kwa mwelekeo wa saa tu. Ukipitiliza, rudi nyuma robo mzunguko uje upya, la sivyo ulegevu wa gia utakupotezea digrii. Washa swichi, legeza nati ya 10 ya kishikio, geuza distributa mwelekeo wa saa mpaka balbu izime, kisha kinyume pole pole mpaka iwake tu. Kaza, na uzime swichi mara moja. Pointi zikiwa zimefunga koili inachemka.

Taa ya kumulika inakuwa lazima ukiwa na distributa ya 009 isiyo na vakyumu. Ile haisetiwi kwa mwanzo bali kwa mwisho: injini ikizunguka zaidi ya 3,000 kwa dakika, moto usipite digrii 32 kabla ya juu, lenga 28 hadi 30. Puli yako haina alama hiyo, itengeneze. Pima mzingo wa puli kwa utepe, gawa kwa 360, zidisha kwa 30. Mfano, mzingo wa mm 540 unatoa mm 45. Alama inakaa kulia kwa alama ya juu kabisa.

Mwana_Mambrui

Ahsanteni sana. Je, nikihamia 009 nitapata nguvu? Naambiwa ni bora.

Spana13

Ukiwa na kabureta moja ya asili, hapana. Unapokanyaga ghafla, vakyumu ndiyo inayowahisha moto upesi; 009 yangoja mizunguko ipande, na hapo katikati gari linasita. Kwa mwendo wa mjini, tuktuk mbele na bodaboda pembeni, kusita huko utakutana nako kila dakika. Bakia na yako, ila ipime: nyonya mpira wa vakyumu kwa mdomo, sahani ya pointi isogee na ibaki pale ukizuia kwa ulimi. Ikirudi, kiwambo kimepasuka na nguvu yako imepotelea hapo.

Chumvi_ya_Pwani

Mimi naitetea moduli ya elektroniki inayokaa mahali pa pointi na kondensa. Hewa ya chumvi ya hapa huziotesha pointi utando mweupe, hasa gari likisimama wiki karibu na ufuo. Zaidi ya hayo, kipande cha pointi kinachosugua kemu huisha, nafasi hupungua na moto huchelewa kidogo kidogo. Moduli haina cha kusugua, ukiseti mara moja inakaa. Masharti: koili iwe ya ukinzani usiopungua ule ulioandikwa kwenye moduli, mara nyingi omu 3, waya mwekundu na mweusi usizigeuze hata sekunde, na taimingi yake ifanywe kwa taa ya kumulika, si balbu.

FundiWaMaweni

Sikatai, ila moduli ikifa njiani imekufa. Anayeelekea Sala Gate, lango la Tsavo Mashariki, na moduli abebe pointi na kondensa kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa, pamoja na fila na spana ya 10. Pointi zikioza kwa chumvi, kipande cha msasa laini chatosha kufika nyumbani. Na tone la grisi kwenye kemu, dogo kama punje ya mtama. Likizidi hurushwa kwenye pointi na moto unakatika.

Binti_Gede

Kabla ya kuamini mikato ya puli hakikisha ni puli ya injini hiyo, maana zimebadilishwa sana. Vua plagi zote, weka kizuizi kwenye tundu la plagi namba 1, zungusha kwa mkono taratibu mpaka pistoni iguse, tia alama kwenye puli. Zungusha upande wa pili mpaka iguse tena, tia alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili, upande ulio karibu na mikato, ndipo juu kabisa. Ikiwa mkato wa kushoto hauko mm 11 hivi kulia kwa hapo, tumia alama yako mwenyewe.