Naomba ushauri: programu ya bure ya kugeuza faili la msaada la CHM kuwa hati ya Word

Mhariri wa Miongozo (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Nimekabidhiwa kazi ya kuhuisha mwongozo wa programu ya kutunza kumbukumbu za stoo, na kilichobaki cha mwongozo huo ni faili moja tu la msaada la aina ya .chm, kwa sababu hati za awali zilipotea pamoja na kompyuta ya aliyeziandika. Ndani yake mna mada zaidi ya mia mbili, picha za skrini, na viungo vinavyompeleka msomaji kutoka mada moja hadi nyingine. Ninachotakiwa kutoa ni hati ya Word inayoweza kusahihishwa, kuwekwa namba za kurasa na kuchapwa.

Nimeshajaribu programu mbili zinazotangazwa kuwa ni za bure. Ya kwanza iligeuza kurasa kumi tu, kisha ikanitaka ninunue toleo kamili, jambo ambalo halikutajwa popote wakati wa kuipakua. Ya pili ilimaliza kazi, lakini mada zimepangwa kwa alfabeti ya majina ya mafaili: "Kufuta bidhaa" imetangulia, "Kuingiza bidhaa" imefuata mbali sana, na "Utangulizi" umetupwa karibu na mwisho. Tena vichwa vyote vimekuwa maandishi ya kukoza tu, kwa hiyo Word haiwezi kutengeneza jedwali la yaliyomo. Je, ipo programu ya bure inayohifadhi mpangilio? Vilevile nina faili la msaada la zamani zaidi, la aina ya .hlp, ambalo Windows 10 inakataa kulifungua.

Fundi Hati

Pole kwa kazi hiyo, ndugu. Tuanze na kilichomo ndani ya faili lenyewe, kwa sababu ukikijua utaona ni wapi programu ya pili ilikosea. Faili la CHM, ambalo Microsoft ililileta mwaka 1997, ni furushi lililobanwa la kurasa za HTML (lugha ya kurasa za wavuti) na picha, na kwa kawaida huambatana na mafaili mawili ya kuongoza: la .hhc, ambalo ndilo jedwali la yaliyomo, na la .hhk, ambalo ndilo faharasa. Mpangilio unaoutafuta haumo katika kurasa, bali umo katika .hhc. Programu inayofumua furushi na kuunganisha kurasa bila kulisoma faili hilo haina namna nyingine ya kuzipanga ila kwa majina.

Kulifumua hakuhitaji kupakua kitu chochote, kwani Windows inayo hh.exe, programu yake ya kufungua mafaili ya CHM. Andika kwenye mstari wa amri:

`hh.exe -decompile C:\msaada mwongozo.chm`

Kurasa zote zitawekwa kwenye folda ya msaada. Ikiwa huna hakika na chanzo cha faili, tumia 7-Zip, programu ya bure ya kufumua mafaili yaliyobanwa, badala yake, maana yenyewe hutoa yaliyomo bila kuonyesha kurasa wala kuendesha hati-amri zilizomo. Kisha fungua .hhc kwa Notepad. Kila mada ina mistari miwili yenye maana kwako: wa Name unaotaja kichwa, na wa Local unaotaja faili la ukurasa. Mada iliyofungwa ndani ya orodha ya mada nyingine ni ya ngazi ya pili. Hapo utakuwa umeushika uti wa mgongo wa kitabu chako.

Msomaji wa Kila Siku

Naongeza njia fupi. Calibre, programu ya kusimamia na kugeuza vitabu vya kielektroniki, ni ya bure kweli, haina kikomo cha kurasa, husoma CHM kwa kufuata jedwali lake la yaliyomo, na hutoa DOCX, yaani hati ya Word. Ijaribu kabla ya kuingia kwenye mstari wa amri.

Mhariri wa Miongozo

Nawashukuru sana. Calibre imenipangia mada sawasawa, na "Utangulizi" sasa uko mwanzoni. Hata hivyo vichwa bado si vichwa halisi. Nimefumua faili kama alivyoelekeza Fundi Hati, nikafungua ukurasa mmoja kwa Notepad, na nimeona kuwa mwandishi wa awali hakutumia alama ya h1, ambayo ndiyo ya kichwa kikuu katika HTML, hata mara moja; kila kichwa ni aya ya kawaida yenye class="kichwa". Je, kuna namna ya kurekebisha zaidi ya kupita ukurasa mmoja mmoja?

Fundi Hati

Ipo, na nimefurahi kuwa umeangalia chanzo chenyewe, maana hakuna programu ambayo ingekutambulia kosa hilo. Notepad++, kihariri cha maandishi cha bure, inaweza kutafuta na kubadilisha katika mafaili yote ya folda kwa mkupuo. Geuza aya hizo ziwe h1, alama ya kufungua na ya kufunga, lakini nakili folda nzima kwanza. Ukiwa humo, hakikisha kurasa zimehifadhiwa kwa UTF-8, yaani namna moja ya kusimba herufi, kwa sababu Pandoc, programu ya bure ya kugeuza hati ambayo ndiyo ninayokupendekezea, hutarajia usimbaji huo. Kisha itajie kurasa kwa mfuatano ule ule wa .hhc:

`pandoc --file-scope --toc -o mwongozo.docx utangulizi.htm kuingiza.htm kufuta.htm`

Chaguo la --file-scope hurekebisha viungo vya ndani ili vibaki vikifanya kazi ndani ya hati moja. Picha nazo huingizwa ndani ya hati. Hili lina uzito, kwani ukifungua kurasa za HTML moja kwa moja kwa Word, mara nyingi picha hubaki zimeunganishwa na folda yako, na atakayepokea hati kwenye kompyuta nyingine ataona visanduku vitupu.

Mhifadhi Nyaraka

Kuhusu .hlp: huo ni muundo wa tangu Windows 3.0 ya mwaka 1990, na programu ya kuufungua iliacha kuambatanishwa na Windows kuanzia Vista. Kwa bahati nzuri mafaili hayo yalitengenezwa kutokana na hati za RTF (muundo wa zamani wa maandishi yenye mapambo), na programu ya bure ya helpdeco huyarudisha katika RTF, ambayo Word huisoma bila shida. Ukiiendesha kwa kawaida utapata hati yenye tanbihi za ajabu: # ni kitambulisho cha mada, $ ni kichwa chake, na K ni maneno ya faharasa. Usiharakishe kuzifuta, kwa kuwa hizo K ni faharasa nzima iliyokwisha kuandaliwa na mtu makini. Ukitaka maandishi ya kusomeka tu, ongeza /r.

Mhariri wa Miongozo

Amri ya Pandoc imefanya kazi. Jedwali la yaliyomo limejitengeneza, picha zote zipo, na sasa ninashusha mada za ngazi ya pili kwenye mwonekano wa muhtasari wa Word nikiwa nimefungua .hhc pembeni. Kesho naanza faili la .hlp, na tanbihi za K nitaziacha kama zilivyo.