Vihisi vya kwenye lami: vitapunguza foleni Mwanza?

Mkazi wa Igoma
Wakuu, foleni ya asubuhi kutoka Igoma kuja mjini imetuchosha. Wenzetu wanafukia kwenye lami vihisi visivyo na waya. Gari likipita, chuma chake kinavuruga usumaku wa dunia mahali pale, kihisi kinarusha taarifa kwa redio, na taa zinapanga kijani kufuata wingi wa magari. Betri inakaa miaka, wala huchimbi mtaro wa nyaya. Los Angeles walianza kuongoza taa kwa kompyuta 1984, kwenye Olimpiki. Kwa nini tusijaribu barabara ya Nyerere?

Suka wa Buhongwa
Kaka, huku milima ya mawe, kule ziwa. Za kuingilia mjini tunategemea Nyerere, Kenyatta na ile ya Airport. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa 2025, magari ya Sengerema na Geita hayasubiri tena kivuko, yanakuja mjini moja kwa moja. Kihisi kitazaa barabara? Halafu trafiki akishaanza kuita magari kwa mkono, taa ya nini? Na hawa bodaboda hata nyekundu hawaijui.

Boda Mabatini
Suka, chunga mdomo. Wewe unayeshushia abiria katikati ya barabara ndiye wa kutufundisha sheria? Usiku mama akishikwa na uchungu, nani anamkimbiza Bugando? Daladala yako?

Mkazi wa Igoma
Jamani, turudi kwenye mada. Ila pikipiki ni kweli ina chuma kidogo, kihisi cha usumaku kinaweza kuikosa.

Boda Mabatini
Si ndiyo hayo! Mtambo haujafika na tayari hautuhesabu.

Mama Dagaa
Wanangu, na sisi wa miguu? Kijani cha magari kikiongezwa, mimi na ndoo yangu kichwani nitavuka saa ngapi hapo Kirumba?

Suka wa Buhongwa
Mama, shikamoo. Daraja la waenda kwa miguu si lipo Furahisha?

Mama Dagaa
Marahaba. Furahisha na hapa soko la samaki Mwaloni wapi na wapi, mwanangu? Mzigo huu hujawahi kuubeba wewe.

Mkazi wa Igoma
Mama, kuna kitufe cha kubonyeza kwenye nguzo, mfumo unakupa zamu yako. Hilo lazima liwemo tangu mwanzo.

Boda Mabatini
Mpeni mama kitufe, sawa. Suka hajanijibu kuhusu kushusha abiria katikati ya njia.

Suka wa Buhongwa
Nakujibu. Nikute kituo kina nafasi, nitaingia. Nikifika nakuta nyie mmepaki pikipiki kuanzia mwanzo hadi mwisho. Abiria nimshushie ziwani?

Boda Mabatini
Tumepaki hapo kwa sababu hatuna kijiwe. Tutengewe kijiwe, kesho tu tunatoka.

Mama Dagaa
Na malori yanayopakia dagaa yatolewe barabarani. Hapo mimi nitaunga mkono vihisi vyenu.