Enyi wenye tovuti za matangazo mubashara, kitaa chekundu cha MUBASHARA kinatudanganya!

Wakuu, nimekasirika na sifichi.

Leo nilikuwa nafuatilia mnada wa korosho mubashara kwenye simu, kwa brauza, nikiwa hapa Mtwara mjini. Mzee wangu yuko Tandahimba, mzigo wake uko ghalani, na mtandao wa kule hauvuti video, kwa hiyo bei anazipata kwangu. Akapiga kuuliza tumefika wapi, video ikasimama. Tulipomaliza kuongea ikaendelea pale pale ilipokuwa imeishia, na kile kitaa cha MUBASHARA kinawaka chekundu vilevile. Nikamtumia bei ya juu na ya chini. Kumbe hizo ni za ghala lililokwisha pita! Wakulima wa ghala letu walishaulizwa kama wanauza au hawauzi, na wameshajibu.

Mubashara gani hiyo?

Na msiniambie ni mtandao wangu. Video ya matangazo haya hutumwa ikiwa imekatwa vipande vipande. Apple, waliotoa HLS, mfumo wa kurusha video mtandaoni, mwaka 2009, wanapendekeza kipande cha sekunde 6, na pleya, yaani programu inayoonyesha video, kwa kawaida hukaa nyuma vipande vitatu hivi. Sekunde 18 au 20 za kuchelewa nazivumilia, sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni kuachwa nyuma dakika kadhaa bila kuambiwa, wakati brauza yenyewe inajua video imefika wapi na mimi niko wapi. Ni hesabu ya kutoa tu, basi!

Halafu ule mstari wa kusogezea video mbele na nyuma. Matangazo mubashara hayana mwisho unaojulikana, ndiyo maana brauza ikiulizwa urefu wake hujibu Infinity, yaani bila kikomo. Hawa wamechukua pleya ya filamu wakaibandika ilivyo, sasa upande wa kulia pameandikwa Infinity:NaN. Mkulima wa Newala aelewe nini hapo? Ukikivuta kile kidoti kwenda mwisho, kinarudi kilipotoka. Njia pekee ni kufungua ukurasa upya, na hapo unaanza na tangazo la biashara, bando linaliwa.

Mtu akibaki nyuma, kitaa kiwe kijivu, kiandike yuko nyuma kwa muda gani, na pembeni kuwe na kitufe kikubwa cha "Rudi mubashara", kinachobonyezeka kwa kidole gumba. Kama video ya nyuma hamuihifadhi, ondoeni mstari kabisa. Tena wekeni chaguo la sauti tupu. Bei inasikika, haihitaji picha, na bando huku watu wananunua la siku.

Nimewaandikia wenye tovuti, wamenijibu nifute kumbukumbu za brauza. Nimefuta. Infinity:NaN iko palepale.

Mnaotengeneza pleya humu ndani, hicho kitufe kinawashinda nini? Na kama kuna anayewafahamu jamaa hao, awafikishie kabla ya mnada ujao.